Mjinga wa Julai

Jumamosi ile Soko la Umma la Milwaukee lilifurika watu hadi mlangoni, na Pakou Xiong alikuwa kwenye foleni ya samaki, simu sikioni, akirudia kwa sauti kila kitu alichotajiwa na mama yake.

"Na sabuni ya vyombo, ndiyo, najua nilisahau wiki iliyopita. Mama? Mama!"

Simu ilikuwa imezimika, chaji imekwisha. Akabaki na gauni lake la manjano lisilo na mikono, nywele amezibana kwa kalamu, akijaribu kuhesabu kwa vidole. Kidole cha tatu tu, orodha ikamtoroka.

"Mchaichai, giligilani, ndimu," sauti nzito ikasema nyuma yake. "Vitunguu vya majani, pilipili nyekundu zile ndogo, mayai, uyoga, tambi za mchele, samaki wawili wasikatwe vichwa, tangawizi, mnanaa. Na sabuni ya vyombo. Usirudi bila sabuni, bibie."

Pakou akageuka, akakutana na kifua. Ilibidi apandishe macho ndipo aupate uso: mweusi, umenyolewa vizuri, na tabasamu la mtu anayejua kwamba anapendeza.

"Wewe ulikuwa unasikiliza simu yangu?"

"Simu yako imesikika mpaka ziwani."

"Na vyote kumi na mbili umevishika?"

"Kichwa changu kikisikia kitu hakitoi. Lamont Pettway." Akanyoosha mkono.

Jina alilijua. Alimjua kwa namba zaidi: arobaini na saba, mlinzi wa Wahunzi, timu ya mpira wa Kimarekani ya mji huo. Lamont yeye hakumjua, maana ofisi yake iko ghorofani, na wachezaji hawapandi huko.

"Mimi ndiye ninayehesabu jinsi mnavyogongana vichwa," Pakou akasema.

"Kumbe ni wewe!" Lamont akacheka hadi muuza samaki akageuka. "Tunakuita Bi Hesabu. Tulidhani ni bibi kizee mwenye miwani."

"Miwani ninayo, iko kwenye mkoba."

"Ivae basi nikuogope."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mchezaji aling'ata kinga ya meno yenye kifaa kidogo ndani, na kila kichwa kilipogongwa, kifaa kilituma namba kwenye kompyuta ya Pakou. Yeye alizipanga namba hizo, akaona ni zoezi gani linalogonga vichwa bure, akamwendea kocha. Mwaka uliotangulia kocha alifuta zoezi moja la asubuhi kwa ajili ya chati zake, na vichwa vikapumua. Palikuwa pia na jaribio la kila Julai: mchezaji husomewa maneno kumi na mawili, ayarudie. Akigongwa katikati ya msimu husomewa mengine, na matokeo hulinganishwa na ya Julai. Yakilingana, anarudi uwanjani.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Agosti haijaisha, timu nzima ilikuwa inajua. Ijumaa walikula samaki wa kukaanga na saladi ya kabichi kwenye baa ya mtaani, Lamont na shati lake la kitani lililobana mabega, Pakou akimpa mikate yake yote. Simu ndiyo usiseme.

"Umekula, Bi Hesabu?"

"Nimekula. Wewe leo umegongwa mara kumi na tisa."

"Watu wakipendana huulizana habari za mchana, wewe unanisomea ripoti!"

"Ya kumi na nne ilikuwa kali, laazizi."

"Hiyo ilikuwa ya kukufurahisha wewe, uone namba yangu inacheza."

Pakou alicheka, lakini alipokata simu alifungua kompyuta akaitazama tena ile ya kumi na nne. Alikuwa anampenda kwa hofu, na hakuna upendo unaochosha kama huo.

Jumapili ya pili ya Oktoba, Lamont aligongana na mtu wa Detroit, kofia kwa kofia, akachelewa kuinuka. Akapelekwa pembeni, akasomewa maneno yake. Baada ya dakika chache alikuwa uwanjani tena, na mashabiki wakisimama kumshangilia. Jioni akampigia.

"Umekula, Bi Hesabu?"

"Nimekula. Kichwa vipi?"

"Sawasawa kabisa. Nimezima taa tu, zinanikera." Akapiga mwayo. "Umekula?"

"Umeshaniuliza, mpenzi."

"Basi nimekuuliza tena. Kosa?"

Asubuhi Pakou alifungua jalada la Lamont, ambalo siku zote aliona haya kulichungulia. Jana alikuwa amekumbuka maneno matano. Na Julai? Matano. Kati ya kumi na mawili! Mtu aliyemtajia orodha nzima ya sokoni na sabuni juu!

Hapo akaelewa. Wachezaji walikuwa na msemo wao, unaosemwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo kwa sauti ya chini: mjinga wa Julai ndiye mchezaji wa Oktoba. Unajifanya huna kumbukumbu msimu ukianza, ili ukigongwa usionekane umeshuka. Kila chati aliyoichora ilikuwa imesimama juu ya ujinga huo wa kuigiza.

Mchana alimfuata nyumbani kwake. Mapazia yalikuwa yamefungwa.

"Ulijifanya mjinga."

"Kila mtu anajifanya, Pakou. Wewe unafikiri tunasomewa maneno yale kwa ajili ya afya zetu?"

"Nenda kwa daktari mwenyewe. Leo."

"Mkataba wangu unaisha Januari. Nikikaa nje sasa, nani atanisaini? Nina miaka thelathini, nikitoka sirudi."

"Na usiporudi kabisa, Lamont? Usipolijua hata jina langu?"

"Jina lako!" Akacheka, kisha akajishika kichwa kwa uchungu wa kicheko chenyewe. "Tafadhali. Hili umeliona kwa sababu unanipenda. Usilipeleke ghorofani."

"Nakupa mpaka kesho saa sita mchana."

Saa sita ilifika, na Lamont alikuwa mazoezini. Pakou akagonga kwa Daktari Brandt wa timu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi.

"Jaribio linasema amepona," daktari akasema. "Wewe una nini?"

"Nina orodha ya sokoni." Akaeleza yote, tangu foleni ya samaki hadi simu ya Jumapili, masikio yakimwaka.

"Orodha ya sokoni si takwimu, Pakou."

"Ni takwimu moja, daktari. Lakini ni ya kweli. Zenu mbili zimetiwa uongo."

Daktari Brandt akachukua simu. Lamont alipimwa macho, akapimwa kusimama kwa mguu mmoja, vipimo visivyolinganishwa na Julai. Akaanguka vyote. Msimu wake uliishia hapo.

Walikutana koridoni mara moja. "Nilikupa moyo," Lamont alimwambia, "ukaufanya ushahidi." Wiki hiyo hiyo akaenda kwa mama yake Alabama.

Pakou aliandika ujumbe, akafuta. Ziwa liliganda pembeni, na yeye akaendelea kwenda kazini na koti lake refu. Kila Jumapili kompyuta ilimletea safu za wachezaji wote, na kwenye arobaini na saba palikuwa na sifuri, sifuri, sifuri. Kazi yake yote ya miaka minne ilikuwa ni kuitafuta hiyo sifuri. Sasa alikuwa ameipata, na alikuwa akiitazama huku machozi yanamtoka, tena anaona haya maana ofisini kuna watu.

Krismasi alishindwa, akapiga. Akapokea mama yake Lamont.

"Amelala, mwanangu. Mwanga bado unamsumbua."

"Mwambie Pakou amepiga. Mwambie... mwambie tu nimepiga."

"Nitamwambia."

Hakupigiwa. Januari ikapita, Machi ikapita, na Pakou akaona amejibiwa.

Julai, saa nne asubuhi, simu ikalia mezani.

"Bi Hesabu, niko chini. Kwenye maegesho."

Alishuka ngazi badala ya kungoja lifti. Lamont alikuwa ameegemea gari, amepungua, amevaa miwani nyeusi na shati la bluu lililopigwa pasi hadi kwenye mikono. Pakou akasimama hatua mbili mbali naye.

"Mbona Krismasi hukunipigia?"

"Kumbe ulipiga kweli?" Akavua miwani. "Mama aliniambia. Baadaye nikadhani nimeota, nikaona haya kuuliza."

Pakou akasogea hatua moja.

"Wahunzi wamenipa nafasi nyingine," Lamont akaendelea. "Jaribio limefanyika saa mbili asubuhi. Nikasema leo sijifanyi mjinga. Nilikaza akili, mpenzi, nilikaza kama ninavyokaza uwanjani, ili uone namba yangu kamili. Nimepata sita."

"Lamont."

"Sita, na sikuigiza. Nimetoka hapo nikamwambia kocha basi, natundika kofia. Ningecheza zile wiki zote za Oktoba ningepata ngapi leo? Nilikuja na hasira nyingi za kukwambia, zote zimeniishia pale kwenye kiti."

Pakou akamshika uso kwa mikono miwili, watu wanapita, madirisha ya ghorofani yakiwatazama. Alikuwa amemkosa kwa miezi tisa.

"Nina jambo la kukuomba," Lamont akasema. "Nilitaka kungoja ninunue pete kwanza. Lakini nataka nikuombe leo, maana leo akili yangu imetulia na nitakumbuka. Nikuoe, au niolewe, vyovyote wanavyofanya watu wa mama yako. Unanikubali?"

"Nakubali," Pakou akasema. "Na siku ukisahau nilikujibu nini, niulize tena. Nitakujibu hivihivi."