Mina Anauliza Nini?

Kila asubuhi Mzee Sifael hupanda kwenda kwenye ndiva. Ndiva ni bwawa dogo lenye kingo za mawe na udongo. Wapare wa zamani walilichimba mlimani, juu ya mji wa Hedaru. Usiku kucha kijito chembamba kama mkia wa panya huingia humo. Asubuhi Mzee Sifael huchomoa kizibo, maji hushuka kwenye mifereji, na kila shamba hupata zamu yake. Amefanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili. Inasemekana vyura wa ndiva humjua kwa kikohozi chake, na wawili kati yao humwamkia. Wanaosema hivyo wote ni jamaa zake.

Akitoka huko hunywa chai na mkewe, Yudith, kisha wanalima tangawizi. Siku zao zote zilifanana, isipokuwa Jumapili.

Jumapili, baada ya ibada, walipanda kwenye jiwe kubwa nyuma ya kanisa. Hapo ndipo simu hushika mtandao. Walipiga simu ya picha hadi Korea. Kule ilikuwa jioni. Walimwona mjukuu wao, Mina, mtoto wa miaka sita, amepakatwa na bibi yake mzaa baba, aliyekuwa akimlea.

Mama yake Mina aliitwa Elinaza. Alikuwa mtoto pekee wa Sifael na Yudith. Alikwenda Korea kusoma, akaolewa hukohuko. Alipokuwa hai, yeye ndiye aliyewatafsiria wote. Mwaka jana aliugua mapafu wiki tatu, akafariki, akazikwa kule. Nyumbani walikaa matanga bila kaburi. Yudith alikuwa amemtengea binti yake mahali karibu na migomba. Palibaki nyasi tu.

Tangu hapo, simu ikawa ya kutazamana. Mina hakujua Kiswahili. Wao hawakujua Kikorea. Bibi wa Korea alilia, Yudith naye akalia. Halafu Mina alisogeza uso karibu na simu, akauliza jambo. Kila Jumapili lilikuwa jambo lilelile. Akiuliza, alichungulia nyuma ya bega la babu yake, kama anayetafuta kitu.

"Anataka kumwona mbuzi," alisema Sifael.

Jumapili iliyofuata alimburuta mbuzi hadi kwenye jiwe. Mina alimtazama mbuzi, akauliza tena. Jumapili nyingine Sifael alileta kuku. Nyingine akaleta tangawizi yenye umbo la mtu. Mina akauliza tena, safari hii kwa sauti ndogo zaidi.

"Baba Elinaza, utamaliza banda," alisema Yudith. "Huyu mtoto hataki mbuzi."

Walijaribu kutumia simu yenyewe itafsiri. Sauti yake ilitoka kama ya mtu aliyemeza bati. Mina akaogopa, akajificha mgongoni kwa bibi yake. Hawakurudia.

Siku ya gulio Sifael alishuka Hedaru na magunia mawili ya tangawizi. Upepo wa siku hiyo ulikuwa mkali hata kondoo walivuka barabara wameshikana mikia. Aliingia kwenye kibanda cha Koleta kula makande. Koleta aliwahi kupika miaka sita kwenye kambi ya mafundi Wakorea. Lugha yao alijifunza mwenyewe, katikati ya moshi na sufuria.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo sikuja kwa makande tu. Mjukuu wangu Mina, mtoto wa miaka sita, ananiuliza kitu kila Jumapili. Nimekikariri. Hebu sikiliza." Akatamka polepole: "Omma kogi issoyo?"

Mwiko wa Koleta ulisimama ndani ya sufuria.

"Anasema nini?" aliuliza Sifael.

"Baba, hilo si la kuambiwa na mpishi wa kando ya barabara. Jifunze Kikorea, umsikie mwenyewe."

"Nina miaka sitini na minne."

"Mina ana sita na anakijua. Unashindwa na mtoto?"

"Ninyi Wakatoliki mna maneno."

"Na ninyi Walutheri mna madaftari. Lete."

Sifael alinunua daftari duka la jirani. Koleta akamwandikia herufi za Kikorea, na nyuma yake maneno mengi pamoja na maana zake.

"Anza na hizi. Usiandike Kikorea kwa herufi zetu, utajizoesha vibaya. Hii iliyopinda kama mundu ni ka. Hii ya mraba, kama debe, ni ma. Za msingi ni ishirini na nne tu. Ukizishika, utaweza kusoma neno hata kabla ya kujua maana yake."

Sifael alipanda mlima na nia kubwa. Lakini alikosea njia. Upareni kazi nzito hufanywa kwa msaragambo. Baragumu hulia, kijiji kizima hutoka na majembe, mfereji huchimbwa kwa siku moja. Naye akataka kujifunza hivyo. Jumamosi alijifungia stoo tangu chai hadi jua kuzama, akipaza sauti. Alimeza maneno sitini. Jirani yake, Zebedayo, alidhani mzee anakemea pepo, akaja na Biblia kumsaidia.

Jumatatu yalikuwa yamebaki maneno manne. Jumamosi ya pili ikawa vilevile. Jumamosi ya tatu alilitupa daftari juu ya magunia.

"Kichwa changu kinavuja," alimwambia Koleta gulio lililofuata.

Koleta alikuwa anachagua maharage. "Unajifunza lini?"

"Jumamosi, kutwa nzima."

"Na siku nyingine?"

"Napumzika."

"Baba, ndiva yako inajazwa na mvua ya siku moja?"

"Hapana. Mvua kubwa ya siku moja hubomoa kingo."

"Inajazwa na nini?"

"Kile kijito," alisema Sifael. "Kila usiku."

"Basi chukua maneno matano kwa siku. Kabla ya kuongeza mapya, rudia ya jana. Yaseme kwa sauti. Na usibebe neno tupu, libebe ndani ya sentensi utakayomwambia Mina. Babu anakunywa chai. Mbuzi amelala. Jumapili zitumie, hata ukikosea. Mimi nilimwambia bosi wangu kwamba nimempika yeye mchana. Alicheka, akanisahihisha. Sijakosea tena."

Tangu siku hiyo daftari lilikwenda naye kwenye ndiva. Maji yakishuka, Sifael alisema maneno yake matano kwa sauti, vyura wakisikiliza. Nyumbani, Yudith alibandika karatasi za maneno mlangoni, kwenye ndoo na kwenye birika. Moja ilifungwa kwenye pembe ya mbuzi. Mbuzi mwenzake akaila, na Yudith akasema huyo sasa amewatangulia wote.

Jumapili moja Sifael alisema kwa Kikorea, "Mina, babu anakunywa chai."

Mina aliduwaa. Kisha akacheka, akalirudia neno moja polepole ili babu yake alishike vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mama yake afariki. Yudith alijifunika uso na khanga.

Lakini kabla ya kuaga, Mina aliuliza lile swali.

Miezi ikapita. Neno *omma* Sifael alilijua mapema. Ni mama. Alidhani mtoto anamlilia mama yake, kama mtoto yeyote. Neno *issoyo*, yupo, lilifika mwezi wa tatu. Neno *kogi* lilifika asubuhi moja ya mwezi wa nne, akiwa amekaa kwenye ukingo wa ndiva. Ni huko. Aliyapanga maneno matatu kama mawe.

*Mama yuko huko?*

Daftari lilimponyoka. Alikumbuka Mina akichungulia nyuma ya bega lake. Akamkumbuka mbuzi. Akakumbuka kuku.

Alisahau kurudisha kizibo. Maji yalishuka mpaka Zebedayo akaja mbio, suruali imelowa hadi magotini, ameshika jembe.

"Mzee, unanizamisha mahindi. Umelala?"

Alipomwona mzee analia, alirudisha kizibo mwenyewe, akakaa kando yake.

Siku ya gulio Sifael hakuagiza makande. "Ulijua," alimwambia Koleta.

"Nilijua, baba. Nadhani bibi yake alimwambia mama amerudi kwao, akashindwa kusema zaidi. Ningekutafsiria siku ile, ungebeba swali bila kuwa na mdomo wa kulijibia. Kama nilikosea, nisamehe."

Sifael alifungua daftari. "Niandikie jibu."

Wiki nzima alirudia jibu lile kwenye ndiva, sentensi moja kwa siku. Halikuwa refu.

Jumapili, Mina alisogeza uso, akauliza. Sifael alimtazama kwanza bibi wa Korea.

"Bibi, nimwambie?" alisema kwa Kikorea.

Yule bibi alishtuka. Alifumba macho. Kisha akatikisa kichwa kukubali, akamkumbatia mtoto kwa mikono miwili.

"Mina," alisema Sifael, "mama hayupo huku. Mama aliugua, akafa. Hatarudi. Si kosa lako. Babu anamkumbuka. Bibi anamkumbuka."

Alikosea neno moja. Mina hakulisahihisha. Alilia, na bibi zake wote wawili wakalia naye, mmoja kule, mmoja juu ya jiwe. Hakuna aliyekata simu.

Mina alipotulia, alisema kwa sauti ndogo, "Namkumbuka mama."

"Na mimi," alijibu babu yake.

Siku hizi Mina anauliza mambo mengine. Mama alipenda kula nini? Alilala wapi? Sifael hujibu anachoweza. Asichoweza hukiandika, na kufikia Jumapili ya pili huwa amekijifunza. Yudith amepanda maua pale karibu na migomba. Walipomwonyesha Mina picha ya pale, aliwaomba waisogeze karibu na simu. Alipatazama sana.

Asubuhi, Sifael huchomoa kizibo na kufungua daftari. Ni la tatu sasa. Binti yake hatarudi, na kazi yake ya kutafsiri ameirithi baba yake, maneno matano kwa siku. Lakini Mina hachungulii tena nyuma ya bega lake. Anamtazama usoni.