Mwanga wa Kumwona Baba

Kila Jumapili alasiri, Eladia Cañete alioka chipa, mikate midogo ya jibini, akammiminia mama yake tereré, chai baridi ya majani, wakakaa barazani mbele ya reli ya zamani ya mji wa Pirayú. Treni zilishaacha kupita. Lakini mama yake, Ña Ramona, bado alizitaja kwa saa zake.

"Ya saa kumi ndiyo iliyomleta baba yako na kinubi chake," alisema. "Laiti ningemwona tena akipiga, hata mara moja."

Filamu ya harusi yao ilikuwepo. Binamu yake Eladia alikuwa ameihamishia kwenye flashi. Shida ilikuwa macho ya Ña Ramona. Yalikuwa yakififia kila mwezi, na kwenye simu hakuona kitu. Basi Eladia akanunua projekta. Boksi lake liliandikwa: "Lumeni 9,000! Inapokea HD!"

Walipoiwasha, ukutani kulitokea ukungu wa kijivu, mpana juu, mwembamba chini.

"Mbona mnanionyesha moshi?" aliuliza Ña Ramona.

Eladia aliizima. Akamwita jirani yao, Don Cirilo, aliyeonyesha filamu miaka thelathini kwenye sinema ya mji kabla haijafungwa.

"Nani kakuuzia kibatari hiki?" Don Cirilo alicheka.

"Usinicheke! Boksi linasema lumeni elfu tisa."

"Boksi halina haya, jirani. Lumeni ni kipimo cha mwanga unaotoka kwenye mashine. Tafuta neno ANSI karibu na namba. Maana yake mwanga umepimwa kwa utaratibu unaoeleweka. Soma kijitabu."

Eladia alisoma polepole. "ANSI... themanini!"

"Umeona? Themanini tu."

"Na hiyo HD, picha kali?"

"Imeandikwa 'inapokea'. Kupokea si kuonyesha. Picha hujengwa kwa vitone, pikseli. Uliza mashine yenyewe ina pikseli halisi ngapi. Zikiwa chache, sura ya mtu inakuwa kama uji."

"Na mbona picha imepinda, pana juu, nyembamba chini?"

"Umeiweka sakafuni ukaielekeza juu. Ipandishe mezani, itazamane na ukuta."

Kesho yake wakairudisha dukani. Don Cirilo alitaka kusema, Eladia akamkanyaga mguu.

"Nataka lumeni za ANSI, si za boksi," alimwambia muuzaji. "Na pikseli halisi. Na uiwashe hapa hapa, niione."

Muuzaji akakuna kichwa. Akaiweka kando ile waliyorudisha, akaleta nyingine kutoka stoo, akaiwasha.

Jumapili walifunga mapazia. Eladia aliiweka projekta mezani, akaisogeza karibu na ukuta.

"Picha si itakuwa ndogo?" aliuliza binamu, aliyekuja kutazama.

"Ndogo lakini kali," alijibu Eladia. "Mwanga ni kama asali. Ukiipaka kwenye mkate mkubwa, utamu unapotea."

Don Cirilo alitabasamu.

Ukutani akatokea kijana mwembamba mwenye shati jeupe, amekumbatia kinubi. Vidole vyake vilionekana kimoja kimoja. Ña Ramona alisimama, akasogea mpaka kivuli chake kikaanguka juu ya picha.

"Mama, unamziba!"

Akapiga hatua pembeni. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu.

"Kumbe alikuwa kijana hivi," alisema kwa sauti ndogo. "Miaka yote hii nimekuwa nikimkumbuka mzee."