Mchumba wa Kisesa

Walikutana mwaloni Kirumba, pale samaki wanaposhushwa kutoka ziwani, soko limefurika watu. Luhende ana gunia la dagaa begani, mbele yake dada wa gauni la njano kasimama katikati ya njia, anachagua sangara kama anachagua kiwanja.

"Dada, pisha, nitakuvunja shingo."

"Vunja tu. Mimi nesi, nitajitibu mwenyewe."

Hapo Luhende akaisha kabisa. Ikawa huyo nesi, Dorotea, akitoka zamu tu, anampigia simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nakula sauti yako."

"Basi utakonda."

Siku moja Luhende akampa umbea. "Kaka yangu Mihayo kapata mchumba Kisesa. Kila Jumanne na Ijumaa yuko huko. Anarudi hoi, hata ugali haupandi. Huyo mwanamke anamfanya nini?"

Dorotea hakucheka. Alisema simu inaisha chaji.

Masika Mihayo akafa. Msibani Buhongwa watu wakamsubiri mchumba wa Kisesa aje alie. Hakuja. Alikuja mzee mwenye bandeji mkononi, akamshika Luhende bega. "Tulikuwa tunasafishwa damu pamoja hospitali kila Jumanne na Ijumaa, vitanda jirani. Figo zilimkataa zote mbili. Nesi Dorotea kamhangaikia sana."

Dorotea alikuwa kwenye mkeka wa wanawake, kajifunika kitenge mpaka usoni. Luhende akamwita nyuma ya nyumba.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Tumbo moja, Dorotea. Ningempa figo yangu moja. Sheria si inaruhusu ndugu?"

"Inaruhusu. Na inanikataza kutoa siri ya mgonjwa akishasema sitaki."

"Kwa nini hakutaka nijue?"

Dorotea akavuta kitenge, akageuka kurudi mkekani.

"Niambie basi. Keshakufa, nani atakushtaki?"

"Bado ni siri yake. Ya kwangu ndiyo naweza kukwambia. Kila ulipomtania kwa huyo mchumba, nilikuwa nakata simu nalia."

Luhende alitaka kumsukuma. Alitaka pia kumlalia begani. Akarudi kwa wanaume.

Arobaini ilipopita, akampigia.

"Umekula?" Dorotea akauliza.

"Nimekula. Nakupenda, mama. Lakini nikisikia sauti yako tu, najishika kiuno, nasema hii hapa, ningempa hii."

"Najua."

"Basi usinipigie tena."

"Sawa, Luhende."

Hakuna aliyekata. Walikaa hivyohivyo, kila mtu anasikiliza mwenzake anavyopumua, mpaka simu ya Dorotea ikazima. Safari hii chaji iliisha kweli.