Chupa ya Profesa

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Msumari alichukua chupa yake ya plastiki dirishani. Alitikisa pampu yake ya pumu, akaichomeka kitakoni mwa chupa, akaweka mdomo wa chupa kinywani na kubonyeza. Ukungu wa dawa ulitanda ndani ya chupa, naye akauvuta taratibu mpaka kifua kikafunguka. Hapo ndipo alipokuwa tayari kwenda shule kugombana na watu. Wanafunzi wenzake walimwita Msumari kwa sababu alikuwa mwembamba na maneno yake yalichoma.

Ile chupa ilikuwa kazi ya mikono yake. Mtoto akipuliza pampu moja kwa moja mdomoni, dawa nyingi huishia kwenye ulimi na koo. Viko vyombo vya dukani vya kuvutia dawa hiyo, lakini bei yake haikamatiki. Muuguzi wa zahanati, ambaye wote walimwita Sista, alikuwa amewafundisha wagonjwa kutoboa chupa kwa waya wa moto, ila tundu lilivujisha dawa. Msumari akajikalia kwenye karakana ya baba yake, fundi baiskeli, akakata kipande cha tyubu kuukuu na kutengeneza shingo iliyoibana pampu barabara.

Kisha akagundua jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Chupa ikifutwa kwa kitambaa, ukungu hunata kwenye kuta zake na haufiki kifuani. Inatakiwa ioshwe kwa maji ya sabuni na kuachwa ikauke yenyewe. Siri hiyo aliiweka kwa ajili ya maonyesho ya sayansi ya shule. Mshindi angepelekwa kwenye maonyesho makubwa ya wanafunzi wa nchi nzima, na Msumari alikwisha kujiona jukwaani akipigiwa makofi.

Siku moja Kidoti, aliyekaa naye dawati moja, alimsogelea wakati wa mapumziko.

"Naomba unitengenezee chupa kama yako. Mdogo wangu pumu inamtesa. Hajui kuvuta pampu, dawa yote anaitema."

"Kwani mimi ni zahanati?"

"Jamani, nakuomba tu. Bibi halali kwa ajili yake."

Kidoti na mdogo wake walilelewa na bibi yao, na Msumari alijua kwamba nyumba ile haikuwa na kitu cha kumpa. Akatabasamu.

"Basi utanifagilia darasa kila zamu yangu ikifika. Mkoba wangu utaubeba wewe. Na uniombe vizuri, useme, 'Tafadhali, Profesa.'"

Wasichana waliokuwa karibu walianza kucheka. Kidoti aliinamisha kichwa. "Tafadhali, Profesa."

"Hatujasikia!"

"Tafadhali, Profesa!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Kidoti alifagia, alibeba, alichota maji. Msumari alimzungusha, leo kesho, leo kesho, hadi maonyesho yalipokaribia. Hatimaye akamtupia chupa mezani kama mtu anayemtupia kuku punje. Hata hivyo Kidoti aliipokea kwa mikono miwili.

Kesho yake alikuja darasani anang'aa kwa furaha. "Bibi ameipenda! Unamjua bibi alivyo msafi. Anaisugua kwa kitambaa kila akitaka kumpa mtoto dawa, mpaka unaweza kujitazama humo."

Msumari alijua. Neno moja tu lingetosha. Lakini aliwaza kwamba siri hiyo ikifika kwa Kidoti leo, kesho mtaa mzima utakuwa nayo, na siku ya maonyesho hakuna atakayeshangaa.

"Vizuri," alisema. "Usafi ni muhimu."

Huo ulikuwa ukatili, na hakuna jina jingine la kuuita.

Siku ya maonyesho, Sista alialikwa kuwa mwamuzi. Msumari alisimama mbele ya meza yake, sare imepigwa pasi, chupa imewekwa juu ya kitambaa cheupe. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kueleza siri ya maji ya sabuni pale mlango uliposukumwa kwa kishindo.

Bibi yake Kidoti aliingia na mtoto mikononi, Kidoti akimfuata na chupa yao. Mtoto alikuwa anavuta pumzi kwa shida, mbavu zikizama ndani, midomo imeanza kuwa ya kijivu.

"Sista, zahanati nimekukosa! Tumempulizia dawa, tumempulizia, haisaidii!"

Sista alitazama ile chupa. Ndani yake kuta zilikuwa na utando mweupe. "Dawa yote imebaki humu. Mmeifuta kwa kitambaa?"

"Mimi ndiye," alisema bibi. "Naifuta kila mara. Kwani ni kosa?"

Sista aliinyakua chupa ya Msumari kutoka kwenye kitambaa cheupe, akachomeka pampu, akaketi sakafuni na kumpakata mtoto. "Vuta, baba. Taratibu. Tena." Alibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Bibi alijishika kichwa.

"Nimemuua mjukuu wangu kwa mikono yangu mwenyewe!"

"Na wazee nao kwa kusuguasugua vitu," mzazi mmoja alinong'ona, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

Kidoti aligeuka, akamtazama Msumari usoni. "Nilikuambia bibi anaifuta. Ukaniambia usafi ni muhimu."

Kifua cha mtoto kiliendelea kukoroma. Baadaye sauti hiyo nayo ikalegea, midomo ikaanza kurudisha rangi, mtoto akalia. Ndipo Sista alipoinua macho.

"Ulijua?"

Machozi yalimtoka Msumari. "Nilijua."

"Usiniambie mimi. Mwambie bibi."

Msumari alipiga magoti mbele ya kikongwe yule. "Bibi, si wewe. Ni mimi. Nilijua, nikanyamaza. Nisamehe."

Bibi alichukua chupa yao mkononi mwa Kidoti. "Kukusamehe nitajaribu," alisema. "Leo siwezi. Nifundishe kuiosha."

Gari la shule lilimpeleka mtoto hospitali, na akapona. Walimu walipouliza nani ameshinda, Sista alisema, "Chupa imeshinda. Mwenye chupa hajashinda." Aliyepelekwa kwenye maonyesho makubwa ni mwanafunzi mwingine.

Wiki iliyofuata Sista alimwita Msumari zahanati. Ukutani palikuwa na picha ya kuonyesha jinsi ya kutengeneza na kuosha ile chupa, na chini yake jina kamili la Msumari. Kwenye mabenchi walijaa akina mama na watoto wao wakisubiri afundishe.

"Kwa nini umeandika jina langu?" aliuliza kwa aibu.

"Kwa sababu kazi ni yako. Anayebuni kitu asifiwe, asipuuzwe wala asiibiwe," alisema Sista. "Lakini kila siku tunawalalamikia wanaotengeneza vyombo vya kuokoa watu, kisha wanaviwekea bei ambayo maskini haifikii. Wewe ulimtoza mwenzako ufagio na heshima yake, na bado ukamnyima nusu ya dawa. Wewe na wao mna tofauti gani? Sifa ni haki yako. Pumzi ya mtu si yako kuifungia."

Msumari alishika chupa na kuanza kufundisha.

Jumatatu alimkuta Kidoti dawatini. Alitaka kumwambia mengi, na usiku kucha alikuwa ameyapanga. Kidoti hakumpa nafasi. Alisimama, akaenda kwenye kona ya darasa, akarudi na ufagio na kuuweka mikononi mwa Msumari.

"Leo zamu yako," alisema, "Profesa."

Hakuna aliyecheka. Msumari aliinama, akaanza kufagia.