Daftari la Upepo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nyota alifagia kiwanja, akateka maji mtoni mara mbili, kisha akapanda kilimani nyuma ya maternité, nyumba ya kujifungulia, kusoma upepo. Naam, kusoma upepo! Wenzake wa darasa la sita walisoma vitabu tu, lakini msichana huyu wa Lubunga alikuwa na kazi ya ziada.

Kilimani palisimama nguzo ndefu ya chuma. Juu yake vikombe vitatu vilizungushwa na upepo, na chini, ndani ya kisanduku cha kioo, mshale ulionyesha nguvu ya upepo kwa namba. Nguzo hiyo ililetwa kwa kivuko na injinia Asumani kutoka ng'ambo, mjini Kisangani. Miaka ile nchi ikiitwa Zaire na watu wakiitana citoyen, yaani raia, injinia aliwakusanya wakazi akawaeleza mpango. Vinu kumi na viwili vya upepo vitasimama kilimani. Vitapandisha maji, vitawasha taa pale wanawake wanapojifungulia, vitasaga muhogo. Vikifanya kazi vizuri, vijiji vya kando ya reli ya Ubundu navyo vitapata vyao.

"Bila kununua petroli?" aliuliza papa Kasongo, mvuvi ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, aliwahi kuvua samaki mkubwa hata mto ukapungua.

"Bila petroli, papa. Upepo iko bure."

"Bon! Basi mukuje na vinu mia!"

Lakini kwanza upepo ulipaswa kupimwa mwaka mzima, asubuhi, mchana na jioni. Mwalimu alimchagua Nyota kwa sababu mwandiko wake ulikuwa safi.

Mwezi wa kwanza Nyota aliandika alichokiona: sifuri, moja, sifuri, sifuri, moja. Ilipofika siku ya injinia kuja, alilitazama daftari akaona haya. Kwao mgeni hakupewa sahani nusu. Lituma, ndizi za kupondwa, ikiwa kidogo, watoto walilala na uji ili sahani ya mgeni ijae mpaka ukingoni. "Mugeni asione haya yetu," mama yake alizoea kusema. Na hapa injinia angevuka mto wote ule apewe sifuri?

Akachukua kalamu. Sifuri haina taabu: ukiiwekea mkia juu, imekuwa sita. Moja ukiivika kofia, imekuwa saba.

Injinia alifurahi sana, ingawa alitazama miti akashangaa. "Mbona leo hata jani halitikisiki?"

"Upepo inaogopa wageni, citoyen," alijibu Nyota.

Watu walicheka. Nyota naye alicheka, ila hakumtazama injinia usoni.

Tangu hapo mchana hakupanda tena kilimani. Alicheza nzango na wenzake, akirukaruka na kupiga makofi, kisha akaandika nyumbani: sita, saba, sita. Kwa daftari lile, kuku wote wa Lubunga wangekuwa wamepeperushwa hadi Ubundu.

Mwezi wa sita injinia alitangaza, "Namba ni nzuri mno, hatuna haja ya kungoja. Jumamosi, siku ya salongo, kazi ya pamoja, sote tusafishe kilima."

Nyota aliinua macho kilimani. Kilima kizima kilikuwa shamba la muhogo la Koko Célestine, bibi mjane wa jirani, na muhogo ule haukuwa umekomaa. Serikali ilitaka watu waache majina ya Kizungu, lakini Koko alisema lake limezeeka mno, haliwezi kuhama.

"Mukate tu," Koko alisema. "Mutoto wangu wa kwanza alizaliwa taa imezimika, mukunga alikuwa anapapasa. Muhogo nitapanda tena." Akamkabidhi Nyota ndizi mbivu. "Ni wewe umetuletea mwangaza, mutoto wangu."

Ndizi zile Nyota hakuzila. Alimpa mbuzi, na hata mbuzi alionekana kumtazama vibaya.

Jumamosi mapanga yalianza. Mstari wa kwanza wa muhogo ulianguka. Koko mwenyewe alikuwa akikusanya matawi huku akiimba. Panga lilipoinuliwa juu ya mstari wa pili, Nyota akajitupa mbele.

"Muache! Namba ni za uongo! Upepo haiko hapa!"

Injinia alifungua daftari, akaona mikia na kofia za wino tofauti.

"Kwa nini, Nyota?"

"Sikutaka urudi na sahani tupu, citoyen." Machozi yalimtoka.

"Vinu vingesimama hapa kama misalaba," injinia alisema polepole. "Halafu wakubwa wangesema upepo haufai, na vijiji vya reli visingepata hata kimoja."

Papa Kasongo akakohoa. "Alors, mimi najua upepo iko wapi. Iko kwa ile ncha ya muto, mahali tunaanikaka nyavu. Inakaukisha mbio!"

"Mbona hukusema, papa?"

"Daftari ilisema iko kilimani. Mimi ni nani nibishane na daftari?"

Nguzo ikahamishwa. Jioni ile ile Nyota alikata mashina ya muhogo ulioanguka, akayapanda upya pamoja na Koko, mgongo ukiuma. Mwaka mzima alishuka mtoni mara tatu kwa siku, nzango ikimngoja. Aliandika tatu, nne, tano, na sifuri zilipokuja, sifuri. Injinia alipiga hesabu: vinu kumi na viwili haviwezekani, lakini viwili vitazunguka, na maji yatafika maternité.

"Sikia, mutoto," Koko Célestine alimwambia siku kinu cha kwanza kilipovuta maji. "Sahani ya mugeni tunajaza na chakula chenye tulipika. Kama hatukupika, tunamuambia, 'Leo hakuna.' Hiyo pia ni heshima. Uongo hata ukijaza sahani, hakuna mutu atashiba."

Nyota aliitikia kwa kichwa, akashuka kusoma mshale wa mchana. Upepo ulikuwa umetulia sasa, mshale umelala. Akaandika sifuri, ya mviringo, isiyo na mkia.