Mlangoni kwa Filister

Mtu akikwambia mchoraji ana macho makali kuliko watu wengine, mkatalie. Mchoraji huona mbele tu. Nyamweya alisimamiwa mgongoni jioni tatu mfululizo, na hakugeuka hata mara moja.

Ilikuwa mwaka wa sitini na tatu, ziwa lilipopanda. Maji yaliingia Homa Bay bila hodi. Yalimeza mashamba, yakameza vyoo, yakameza makaburi. Mchana Nyamweya, Mkisii aliyehamia mjini kutafuta riziki, aliandika vibao vya maduka. Jioni alichukua kipande cha ubao wa kasha la chai, rangi zake za mafuta na kigoda, akashuka ufuoni kuchora kwa raha ya nafsi yake. Mwalimu mmoja wa misheni ndiye aliyemfunza, na alimkaririsha jambo moja: mwanga mmoja, picha moja. Ukibadilika, funga rangi, urudi kesho saa ile ile.

Mwanga aliouwinda ulidumu dakika kumi. Jua lilichungulia chini ya mawingu kabla ya kuzama, na Mlima Homa ng'ambo ya maji ukawa rangi ya ndizi mbivu, kisha zambarau, kisha basi. Jumatano alipaka mbingu na mlima. Maji ndiyo yaliyomshinda. Yalikuwa mengi mno, matupu, na picha ikabaki na shimo katikati.

"Hapo ilikuwa nyumba yangu," sauti ya mwanamke ilisema nyuma ya bega lake la kushoto. "Nichoree."

Hakugeuka. Dakika zilikuwa zinakwisha. Aliona mkono tu, mwembamba, wenye bangili ya shaba, ukinyoosha kidole mahali ambapo vichwa vya ua wa minyaa vilichomoza majini. Akasikia harufu ya majivu yaliyolowa, akadhani wachuuzi wa samaki wanazima moto.

Na tuseme ukweli, alifurahi. Nyumba ndiyo picha yake ilikosa.

Alhamisi mwanamke alimwelekeza: paa la nyasi, ghala upande wa kulia, njia inayoshuka mpaka mlangoni. Katikati ya kazi mvua ilipiga, Nyamweya akaufunika ubao kwa koti lake. Mwanga uliporudi, sauti nayo ilirudi, pale pale begani.

Ijumaa mambo yalikuwa mengine. Nyamweya alikuwa Msabato, na Sabato huanza Ijumaa jua likizama. Mkewe, Kemuma, alikuwa na mimba ya miezi minane baada ya kupoteza mbili, na siku hizo hakupenda kuachwa peke yake. Alimwomba asiruhusu jua lizame akiwa ufuoni. Nyamweya aliahidi, na aliahidi kwa moyo.

"Nyumba yangu haiwezi kukaa bila mtu," mwanamke alisema jioni hiyo. "Weka mtu pale mlangoni."

"Nikuweke wewe, mama?"

"Mimi nimechoka kusimama. Weka mtu unamjua."

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye mkono wake ulimjua bila kumtazama. Kitambaa cha buluu kichwani. Mkono kiunoni. Tumbo mbele. Nyamweya alitabasamu akimchora mkewe, maana kila alichogusa kilikubali. Hakuwa amewahi kupata mwanga mvumilivu hivyo.

"Mwanga bado iko," sauti ilinong'ona. "Maliza..."

Akamaliza. Akainua macho aulinganishe mlima na picha.

Hapakuwa na mlima.

Kulikuwa na giza, na nyota. Mwanga ulikuwa juu ya ubao peke yake. Kisha nao ukazimika.

Alikimbia mpaka nyumbani, ubao kwapani. Kemuma alikuwa ameketi kitandani, taa haijawashwa.

"Umekawia," alisema polepole. "Nimesimama pale mlangoni mpaka miguu ikalowa."

Gauni lake lilikuwa limelowa hadi magotini. Orpah, jirani yao, aliapa kwamba Kemuma hakutoka nje kutwa nzima. Nyumba ilinuka majivu yaliyolowa.

Nyamweya alichovya kitambaa katika tapentaini, akafuta ncha ya kile kilemba cha buluu kwenye picha. Kemuma alipiga yowe, akashika kichwa kwa mikono miwili. Kitambaa cha tapentaini kikamponyoka Nyamweya mkononi. Hakuthubutu tena.

Jumamosi hawakwenda kanisani. Nyamweya na Orpah walimvua Kemuma gauni, wakamvika jingine kavu, nalo likalowa. Kufikia adhuhuri maji kwenye gauni yalikuwa yamefika kiunoni, na mtoto aliacha kucheza tumboni. Nyamweya alimwacha na Orpah, akakimbia ufuoni kwa Maurice, mchuuzi aliyekausha samaki pale miaka mingi. Maurice alitazama ubao, akapiga ishara ya msalaba.

Alisema hiyo ni dala, boma la Filister, mke wa ndugu yake marehemu. Maji yalipokuja wote walihamia juu, lakini Filister alikataa kuacha kaburi la mumewe. Alisema atatoka siku atakapopatikana mtu wa kubaki. Walipomrudia na mtumbwi walikuta bangili yake kwenye minyaa, na yeye hawakumpata mpaka leo.

"Mrudishe yeye mlangoni," Maurice alisema kwa sauti ya chini. "Mtoe mke yako, weka yeye."

"Anafanana vipi?"

Maurice alifikiri. Mrefu, alisema. Mwembamba kidogo. Nyamweya akataka kulia. Kwa maneno hayo hakuna mtu anayechoreka, naye jioni tatu alikuwa ameangalia mlima.

Jua lilipoteremka alikuwa kwenye kigoda chake. Nyuma yake palikuwa kimya. Mwanga ulikuja, dakika zake kumi, na Nyamweya aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Uso mwingine aliouweza kwa moyo ulikuwa mmoja, ule wa kwenye kioo cha kunyolea.

Hakufuta. Alifunika. Kofia juu ya kilemba. Shati juu ya gauni. Ndevu, taya, kovu la nyusi. Tumbo alilibakiza mwisho, akimwomba Mungu kwa Kikisii. Alilifunika kwa rangi ya koti lake, na mlima ukageuka zambarau.

Alipofika nyumbani Kemuma alikuwa jikoni, mkavu, akilalamika kwamba Orpah hajui kusonga ugali. Aliuchukua mkono wa mumewe, akauweka tumboni. Mtoto alipiga teke. Nyamweya alilia machozi ya furaha, na hakuona haya.

"Mbona unalowesha sakafu?" Kemuma aliuliza.

Alikuwa amepita barabara kavu. Akavua kiatu, akakiinamisha. Maji yalimwagika, meusi, yenye majivu...

Nyuma ya bega lake la kushoto kitu kilipumua, kwa nafuu. Safari hii Nyamweya aligeuka.

Mlango ulikuwa wazi, hakuna mtu. Alisikia nyayo tu zikipanda kilima kuelekea nchi kavu, bila haraka, za mwanamke aliyeacha mtu nyumbani.