Safu Moja ya Majina

Mwezi wa sita, Sumbawanga hukaa kwenye baridi ambayo wageni hawaiamini mpaka waionje. Gaudiosa alikuwa amezoea. Kila siku aliamka kabla ya jogoo wa jirani, akawasha moto, akakoroga uji wa ulezi, akamwamkia mama yake, kisha akavaa sweta la kijani na kushika njia ya shule huku mikono ameificha kwenye makwapa.

Alikuwa na miaka kumi na minne, kidato cha kwanza, katika shule ya kutwa iliyokuwa Majengo. Ilikuwa moja ya zile shule zilizojengwa kwa michango ya wazazi baada ya serikali kuruhusu watu binafsi kufungua shule. Mwaka huo wa 2005 shule ilikuwa na kompyuta tatu zilizokwisha kutumika, zilizonunuliwa kwa mfanyabiashara aliyepitisha mizigo yake Kasesya, kwenye mpaka wa Zambia. Mbili zilikuwa nzima. Mwalimu Stanley, aliyefundisha hisabati, ndiye aliyezisimamia, na hakuna mwanafunzi aliyezielewa haraka kama Gaudiosa. Yeye mwenyewe alilijua hilo, na hakulificha sana.

Wiki iliyotangulia, Dokta Kristiana, daktari wa macho, alikuja kupima watoto kutoka shule za Majengo, Ilemba na Kasesya. Kwa siku mbili ukumbi wa shule ulijaa. Kazi ya Gaudiosa ilikuwa kushika ubao wa herufi. Hapo ndipo alipokutana na Masanja, kijana wa miaka kumi na miwili ambaye wazazi wake walihama na ng'ombe wao kutoka Shinyanga wakalowea upande wa Ilemba. Masanja hakuiona hata ile herufi kubwa ya juu kabisa.

"Sasa darasani unasomaje?" Gaudiosa alimuuliza.

"Nasikiliza chaki, dada," Masanja alijibu taratibu. "Ikigonga mara moja na kuburuzwa, najua ni herufi fulani. Nyingine nabahatisha."

Watoto mia moja themanini na sita walionekana wanahitaji miwani. Kila mmoja aliandikiwa kadi yenye jina, vipimo vya jicho la kulia na la kushoto, na namba. Namba za watoto wa Ilemba zilianza na herufi I, za Majengo M, na za Kasesya K. Mwalimu Stanley alimpa Gaudiosa kazi ya kuziingiza kadi zote kwenye kompyuta katika jedwali moja. Orodha hiyo ingepelekwa Mbeya kwa basi la Ijumaa asubuhi, na mafundi wangechonga miwani kwa kuifuata.

Jumatano mchana Gaudiosa alimaliza. Aliliangalia jedwali lake akapendezwa nalo, ila majina yalikuwa shaghalabaghala. Akaona ayapange kwa alfabeti, orodha ipendeze. Alichagua safu ya majina peke yake, akabonyeza kitufe cha kupanga. Kompyuta ikamuuliza swali refu kwa Kiingereza. Hakulisoma, alibonyeza jibu lililokuwa karibu na kidole, akahifadhi, akafunga. Dakika chache baadaye umeme ukakatika, naye akaenda zake.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kengele, alifungua tena ili amwoneshe rafiki yake Rahel.

"Mbona hapa Debora ana namba ya Ilemba?" Rahel aliuliza. "Debora si tunakaa naye dawati moja?"

Gaudiosa alisogeza kiti. Debora alikuwa na namba yenye I. Felisian wa Kasesya alikuwa na M. Alishuka mstari baada ya mstari. Majina yalikuwa yamejipanga kwa alfabeti, lakini namba na vipimo vilibaki palepale vilipokuwa. Kila jina sasa lilikaa mbele ya macho ya mtu mwingine.

"Rudisha nyuma," Rahel alisema.

"Haiwezekani. Nilihifadhi, nikafunga."

Nje, wanafunzi walikuwa wakifagia uwanja. Rahel akashusha sauti. "Hakuna anayejua ni wewe. Tunaweza kusema umeme ulipokatika ndio ukavuruga."

Lilikuwa neno jepesi, na lingeaminika. Umeme ulilaumiwa kwa mambo mengi mjini. Gaudiosa alilifikiria kwa muda mrefu kuliko alivyopenda baadaye kukiri. Alimfikiria pia Masanja amevalishwa miwani ya mtu mwingine, akiambiwa kwamba sasa anaona, naye anaendelea kusikiliza chaki.

Alisimama, akatoka, akamkuta Mwalimu Stanley mlangoni mwa ofisi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Gaudiosa. Orodha iko tayari?"

"Haiko tayari. Nimeiharibu." Alisogea karibu. "Nilipanga majina peke yake bila kuchukua safu nyingine. Kompyuta iliniuliza, sikusoma. Watoto wote wamechanganyika."

Mwalimu Stanley alivua kofia yake ya sufu, akaivaa tena.

"Kadi ziko wapi?"

"Ziko kwenye boksi. Lakini nazo walimu walizichambua na kuzirudisha ovyo, hazina mpangilio wowote."

"Umeme wa mgao utakatwa sasa hivi, utarudi saa sita na kukaa mpaka saa kumi. Njoo na Rahel saa sita. Na Gaudiosa," alisema mwalimu alipomwona anageuka, "ungeniambia hili kesho baada ya basi kuondoka, nisingekuwa na la kukusaidia."

Saa sita walikuwa watatu mbele ya kompyuta. Mwalimu alikuna kidevu. "Kipi hakikuhama?"

"Namba na vipimo," Gaudiosa alijibu. "Namba bado iko na vipimo vyake. Kilichohama ni jina tu."

"Basi namba ndiyo itakayomtafuta mwenyewe. Tutengeneze jedwali la pili lenye namba na jina tu, kutoka kwenye kadi. Si lazima liwe na mpangilio wowote. Kupanga si kazi yenu leo, ni kazi ya fomula."

Rahel alisoma kadi, Gaudiosa akachapa. I-23, K-08, M-51. Vidole vilikufa ganzi kwa baridi, akavipuliza, akaendelea. Safari hii, kila alipomaliza kadi kumi, walirudi nyuma kuzihakiki. Saa nane na nusu kadi ya mwisho iliingia.

Kisha Gaudiosa akarudi kwenye jedwali la kwanza, akafuta ile safu ya majina, na pembeni ya namba ya kwanza akaandika alama ya sawasawa na maneno ya fomula kama mwalimu alivyomwelekeza. Maana yake ilikuwa hivi: chukua namba hii, nenda jedwali la pili, itafute, niletee jina lililo pembeni yake. Akabonyeza. Jina likatokea.

Rahel alipiga makofi. Gaudiosa akaiburuta fomula mpaka chini, na majina yakamwagika kwenye safu. Lakini kuelekea chini yalipungua. Badala yake zilijaa alama za kosa.

Mwalimu Stanley alimwachia atafute kosa mwenyewe. Gaudiosa akaibonyeza fomula ya juu akaisoma, kisha ya chini. "Inateleza," alisema polepole. "Kila mstari ukishuka, na jedwali inalotafutia nalo linashuka. Huku chini inaanza kutafutia katikati."

"Sasa?"

"Tuifunge isisogee."

"Alama ya dola," mwalimu alisema. "Iweke pale jedwali linapoanzia na linapoishia. Ni kigingi tu, kama cha kufungia ng'ombe."

Aliweka vigingi, akaburuta tena. Safu ilijaa majina mpaka mstari wa mwisho. Safari hii Gaudiosa hakushangilia. Alilichagua jedwali zima, safu zote, akasoma swali la kompyuta neno kwa neno, ndipo akalipanga kwa majina. Akaanza kupitia mmoja mmoja.

"Kristofa wa Ilemba yupo mara mbili," alisema. "Na Masanja hayupo."

"Haiwezekani," Rahel alisema. "Kadi yake nimeisoma mimi."

Waliichomoa kadi. Masanja alikuwa I-41. Kwenye jedwali la kwanza hapakuwa na I-41 hata moja, ila I-14 zilikuwa mbili. Gaudiosa aliigeuza namba hiyo vibaya alipoichapa mara ya kwanza, akiwa na haraka na kujiamini, na hakuna aliyegundua. Hata kama asingevuruga majina, pakiti mbili za miwani zingetoka Mbeya zikiwa na namba moja. Alilinganisha vipimo na kadi, akasahihisha, na fomula ikamleta Masanja mahali pake yenyewe.

Ilibaki saa moja. Waliongeza fomula nyingine fupi ya kuchukua herufi ya kwanza ya kila namba na kuiweka kwenye safu yake, wakalipanga jedwali zima kwa herufi hiyo. Watoto wa Ilemba wakakaa pamoja, wa Kasesya pamoja, wa Majengo pamoja. Walihakiki mistari yote mia moja themanini na sita kwa kadi. Saa kumi kasoro dakika ishirini orodha ilitoka kwenye printa ikiwa na joto, na asubuhi yake ilipanda basi la Mbeya.

Baada ya wiki tatu miwani ilifika. Kwa kuwa pakiti zilikuwa zimepangwa kwa shule, kazi ambayo Dokta Kristiana alitegemea ingechukua siku nzima iliisha kabla ya chakula cha mchana. Watoto walitoka ukumbini wakitazama mawe na mabati kana kwamba yameletwa siku hiyo. Masanja alisimama mlangoni, akamtazama Gaudiosa usoni.

"Kumbe una kovu kwenye nyusi, dada," alisema, na wote wakacheka.

Dokta Kristiana aliomba nakala ya jedwali ili alitumie katika shule nyingine za mkoa. Mwalimu Stanley aliwakusanya wanafunzi mstarini, akamwita Gaudiosa na Rahel mbele.

"Nimewaita hawa si kwa sababu wanajua kompyuta," alisema. "Gaudiosa alikosea kwa haraka, akasema mwenyewe kabla hajaulizwa. Aliposema ndipo tukapata muda wa kutengeneza, na katika kutengeneza tukakuta kosa jingine lililojificha, ambalo lingemnyima mtoto macho yake. Mashine itafanya unachoiambia, hata ukiiambia vibaya. Kusoma kabla ya kubonyeza, kuhakiki ulichofanya na kusema kweli ukikosea, hayo hayamo ndani ya kompyuta. Ni lazima uje nayo wewe."

Shule nzima ilipiga makofi mpaka njiwa wakaruka kutoka kwenye paa. Gaudiosa alisimama wima katikati ya uwanja, upepo ukimpiga usoni, wala hakuisikia baridi.